Hadithi fupi: tofauti za kitabaka kati ya Likoni na Nyali zibebwe vipi na mandhari?

Kalamu_ya_Likoni aliuliza:

Salaam wanabaraza. Naandika hadithi fupi, kikomo ni maneno 3,000. Mhusika mkuu ni Mwanasha, miaka 19, mkaazi wa Likoni (ng'ambo ya feri, kusini mwa kisiwa cha Mombasa), anayefua na kupiga pasi katika nyumba moja ya Nyali (mtaa wa matajiri, kaskazini mwa kisiwa). Siku ya hadithi, nyumba ile ina karamu: Faiza, binti wa nyumba na rika lake Mwanasha, anakuja kuposwa. Mama Faiza ameahidi kwamba siku hiyo atamlipa Mwanasha mshahara wa mwezi uliopita. Kutwa inakwisha, wageni wanaondoka, naye anarudi kwao bila kitu. Hicho ndicho kisa, hakuna kifo wala wizi.

Rasimu ilivyo sasa: aya tatu za mwanzo ni za Mombasa (bahari, Fort Jesus, zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue). Inafuata aya nzima ya chumba cha Likoni, kisha aya nzima ya jumba la Nyali, ndipo karamu ianze. Mwisho Mwanasha yuko kwenye feri, anatazama jua la saa moja u nusu likizama, anakumbuka marehemu babake.

Wasomaji wawili wa kwanza wamesema jambo moja: mandhari yanapendeza ila yamekaa kando, na utajiri na umaskini unasemwa tu, hauonekani. Nataka kujua:

1. Mandhari yaingie wapi na kwa kiasi gani katika maneno 3,000?
2. Nifanyeje ili tofauti ya matabaka ionekane bila msimulizi kuhubiri?
3. Mwisho ule unafaa?

---

Maalim_Tudor alijibu:

Kabla ya kupima kiasi, tafuta kitenzi cha hadithi yako. Kila hadithi fupi iliyosimama ina kitendo kimoja kinachorudiwa kwa sura mbalimbali. Chako ni *kungoja*. Mwanasha angoja mshahara, Faiza angoja wachumba, Mama Faiza angoja wageni wa heshima. Kungoja ni kumoja, ila masharti ni tofauti: mmoja angoja amesimama, mwingine angoja akipakwa piko. Tabaka likae hapo. Mapambo ya sebuleni hayatakusaidia kitu.

Sasa rudi kwenye mandhari na kalamu nyekundu, uulize kila sentensi: je, hii inaonesha nani anamngoja nani? Fort Jesus haimngojei mtu. Pembe za Moi Avenue hazimngojei mtu. Aya zote tatu zitoke. Ni za mgeni aliyeshuka kwenye gari moshi leo, na Mwanasha si mgeni. Mtu aliyezaliwa Likoni hapiti mjini akistaajabia ngome.

Yanayobaki ni mahali ambapo Mombasa yenyewe huwangojesha watu. Mahali hapo pako tele:

*Feri.* Mtu wa miguu havuki kwa pesa, gari hulipa, lakini chombo ni kimoja na sitaha ni moja. Mwenye gari naye hukaa foleni, pengine kuliko Mwanasha. Hilo ni zuri kwako kwa sababu linavunja hesabu rahisi ya tajiri kupita na maskini kubaki. Wote wamekwama. Mmoja amekwama ameketi, vioo vimepandishwa, baridi inavuma ndani. Mwingine amebanwa ubavuni mwa gari lile lile, na anaweza kujiona usoni katika kioo cheusi cha dirisha. Ukipata sentensi mbili hapo, huhitaji neno "tabaka" hadithi nzima.

*Maji.* Maji ya mfereji Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho na visima vya Tiwi, na huja kwa zamu. Nyumba ya Nyali haihisi zamu hiyo kwa kuwa ina tangi na pampu. Kwa kina Mwanasha, maji yakija saa tisa usiku, kuna mtu ataamka saa tisa usiku kupanga mitungi ya lita 20. Na mhusika wako ni mfuaji! Mtu wa kufua aliyekesha akingoja maji ya kwao, kisha asubuhi akafungua bomba la mtu mwingine likamwagika mara moja: hapo pana hadithi tayari. Maji ya kisima yakiwa ya chumvi hayatoi povu vizuri, na mfuaji atalijua hilo kwa vidole kabla ya kitu kingine chochote.

*Geti.* Gari likipiga honi, mlinzi anafungua. Mwanasha akibisha, mlinzi kwanza huchungulia. Sekunde tano tu, lakini zihesabu.

Chagua viwili kati ya hivyo, visizidi. Ukitia vyote, itakuwa makala ya gazeti.

Kuhusu kiasi, kwa maneno 3,000 ningeyagawa hivi: ufunguzi usizidi 200, na ndani yake tujue yuko wapi, ni nani, na pesa ipi anaingoja. Safari 350. Nyumba na karamu 1,700, maana ndiko matabaka mawili yanakokaa chumba kimoja. Malipo yanayokosekana 400. Kurudi 350. Sentensi zinazoeleza mahali peke yake, pasipo mtu kufanya lolote, zikizidi maneno 300 katika jumla hiyo, punguza. Maelezo mengine yote yapande mgongoni mwa kitendo.

---

Mkaazi_wa_Kongowea alijibu:

Nakubaliana na Maalim kuhusu kitenzi, ila nina shaka na hiyo feri. Tazama ramani. Kutoka Likoni hadi Nyali si kuvuka tu. Ni feri, kisha kupanda matatu upande wa kisiwani, kukata mji hadi Buxton, kuvuka Daraja la Nyali, kushuka Kongowea, halafu kuingia ndani kwa miguu au kwa tuktuk. Katika hadithi fupi, safari hiyo ni pango la maneno. Ama utaiandika sawasawa ikumeze, ama utaruka kutoka feri hadi getini na msomaji wa Mombasa atashtuka.

Ningemhamishia Mwanasha Kongowea. Soko na vyumba vya kupanga viko upande huu, Nyali iko upande ule, na kati yao ni barabara tu. Tofauti ya kitabaka huwa kali zaidi watu wanaposikiana. Bahari inampa msomaji kisingizio kwamba wale ni wa huko na hawa ni wa huku. Barabara haimpi. Jirani wa Mwanasha akipika dagaa, harufu inafika bustanini kwa Mama Faiza. Muziki wa karamu unafika chumbani kwa mamake Mwanasha. Na anayekwenda kazini kwa miguu dakika kumi hana udhuru wa kuchelewa, kwa hivyo anaweza kuitwa saa yoyote. Huko nako ni kungoja: kungoja kuitwa.

Ukishikilia Likoni, basi usahihi uwe wa mtu anayepita pale kila siku:

Jua Mombasa halizami saa moja u nusu. Mwaka mzima huchwa kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo hivi. Saa moja u nusu ni giza totoro.

Maji hayajai saa ile ile kila siku. Kujaa kunachelewa kama dakika hamsini kila kukicha. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, hujaa mnamo saa kumi za alasiri na hutoka kabisa mnamo saa nne. Maji yakitoka hivyo, mteremko wa kupandia feri huwa mkali, na mwenye mkokoteni huonekana akiusukuma kwa kifua. Kama Mwanasha anavuka asubuhi ya saa moja, bahari iko katikati ikitoka. Usiandike mawimbi yakipiga ukuta.

Msimu pia. Mei ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote hapa. Nguo hazikauki, na mfuaji analaumiwa kwa mvua. Ukiweka karamu Januari, wakati wa kaskazi, nguo hukauka kwa muda wa saa mbili tu lakini chumba cha mabati hakikaliki mchana. Misimu hii miwili inakupa hadithi mbili tofauti kwa kisa kimoja. Mimi ningechukua Mei: nguo za wageni bado ni mbichi, pasi inatoa mvuke, na umeme ukikatika jenereta ya nyumba inanguruma.

Na ikiwa kisa ni cha miaka ile, kuanzia Januari 2021, ambayo daraja la kuelea la Liwatoni lilikuwa likivusha watu wa miguu kati ya kisiwa na Likoni, kuna msomaji atakuuliza kwa nini Mwanasha hakulipita. Ama umjibu kwa nusu sentensi, ama urudishe hadithi nyuma kwa miaka kadhaa.

---

Chumvi_ya_Makupa alijibu:

Mwaka! Mwaka ndio utakaokuangusha. Mshahara siku hizi hauletwi kwa bahasha. M-Pesa imeanza 2007. Mama Faiza wa leo hamwambii "ngoja nikupe", anamwambia "enda tu, nitakutumia". Rasimu ikimfanya asimame mlangoni akingoja noti, kila msomaji mwenye simu atajiuliza kulikoni.

---

Kalamu_ya_Likoni:

Ahsanteni. Hilo la simu sikulitia maanani kabisa, na naona linabadilisha mwisho wote. Feri nataka kuibakiza, nitafupisha njia ya mjini.

Nina maswali mawili zaidi. Je, mazungumzo: Mwanasha azungumze lahaja na Mama Faiza Kiswahili sanifu, ili tabaka lisikike? Na je, nimtaje Mama Faiza kuwa mkatili kidogo ili msomaji ajue yuko upande gani? Hivi sasa anamfokea mbele ya wageni.

---

Bi_Mlangoni alijibu:

Mwanangu, hapo pa lahaja tahadhari. Ukimpa mnyonge lahaja na tajiri usanifu, umekopa mpango wa miji mingine. Mombasa mambo ni kinyume mara nyingi. Mama Faiza akiwa wa ukoo wa Mji wa Kale uliohamia Nyali, yeye ndiye mwenye Kimvita cha ndani: atasema "ndoo hapa", atasema "mgeni yuwaja", na hilo ndilo litakalomtambulisha kama mtu wa nasaba. Mwanasha wa Likoni aghlabu kwao ni Kidigo, na Kiswahili anachokitumia Nyali ni cha kazi, safi, kifupi, chenye kuchunga. Tajiri aliyetoka bara atazungumza namna nyingine tena. Kwa hiyo lahaja hapa haioneshi nani ana pesa. Inaonesha nani anajiona yuko kwake.

Kipimo kizuri zaidi ni urefu wa sentensi. Anayemiliki nyumba anaweza kuanza sentensi, akaiacha katikati, akajibu simu, akairudia. Anayefanya kazi hujibu kwa neno moja au mawili: naam, haya, nimeshaweka. Andika mazungumzo ya karamu nzima hivyo, halafu mpe Mwanasha sentensi moja ndefu mahali pamoja tu, pengine akizungumza na mlinzi. Msomaji atasikia pumzi ikitoka.

Majina pia. Mwanasha anamwita mwajiri wake "Mama Faiza", jina la heshima ambalo ndani yake mna mtoto. Mama Faiza anamwita "Mwanasha", na mbele ya wageni anamwita "huyu mtoto wetu wa nyumbani". Faiza mwenyewe anamwita nini? Ni rika lake. Amua, kwa sababu hapo ndipo pana jeraha.

Na kumfokea mbele ya wageni, la. Mwanamke wa heshima wa Mombasa hafokei mtumishi siku ya posa. Wageni ndio kwanza wanaitazama adabu ya nyumba. Ukatili wake uwe ndani ya adabu. Tazama hili, lichukue ukitaka:

> — Mwanasha, umekula mwanangu?
> — Nimeshiba, Mama Faiza.
> — Ah, Bismillah, usione haya, leo furaha yetu sote.
> — Starehe, Mama Faiza.
> Sinia zilikuwa tatu, kila moja na watu wake. Mama Faiza alikwisha geukia wageni.

Mwaliko umetolewa, nao ni wa dhati kwa kiasi chake, ila hapana sahani wala pa kuketi. Wote wawili wanajua jibu kabla ya swali. Msomaji wa Pwani ataumia hapo kuliko angesoma matusi kurasa mbili. Tena Mama Faiza abaki mtu mzuri machoni pake mwenyewe. Amesahau kulipa, kweli amesahau, na kusahau huko ndiko tabaka. Mwenye kutegemea pesa ile hawezi kuisahau hata akitaka.

Jambo la pili. Usizifanye tabaka zako kuwa mbili. Mombasa kuna ngazi nyingi, na nyingine hazipandwi kwa pesa. Kuna familia ya Mji wa Kale yenye mlango wa nakshi na jina la kutajwa, lakini orofa ya chini imekodishwa duka ili orofa ya juu iweze kula. Kuna nyumba bila ardhi: mtu amejenga nyumba yake ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba sita kwa pande mbili, ua nyuma, anapangisha vyumba vitatu na anaitwa mwenye nyumba, ilhali kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi analipa kodi ya ardhi. Akiambiwa ahame, anabaki na mabati na boriti. Mizizi ya mambo haya ni mirefu. Ardhi ya Pwani ilianza kusajiliwa kwa sheria ya 1908, na iliyokosa mdai ikahesabiwa ya Serikali. Watu wengi wakajikuta wapangaji walipozaliwa.

Mpe mamake Mwanasha nyumba kama hiyo. Papo hapo anakuwa "mwenye nyumba" kwa wapangaji wake na mtu wa kuhamishwa kwa mwenye kiwanja. Na yeye pia kuna mpangaji anayemngojesha kodi, au yeye anamngojesha fundi. Hadithi inapata ngazi ya tatu bila kuongeza mhusika zaidi ya mmoja. Lakini usithubutu kufanya mwenye kiwanja awe mume wa Mama Faiza. Najua shetani huyo atakujia. Sadfa ya namna hiyo huifunga hadithi kwa kufuli, na msomaji anaacha kuamini yaliyotangulia.

---

Hamali_wa_Maneno alijibu:

Naongeza la macho tu. Nani anaiona nyumba ya Nyali? Ukiandika "jumba la kifahari lenye bustani za kupendeza", hayo ni macho ya dalali. Mfanyakazi haoni ukubwa wa nyumba, anaona kazi yake. Mwenye nyumba haoni chochote, amezoea. Na chumba cha Likoni vilevile: Mwanasha hawezi kuona "ufukara" katika chumba alimokulia. Anaona kilichobadilika leo: pazia jipya, tundu la bati lililoongezeka, mtungi uliosogezwa. Aya yako ya chumba cha Likoni ikiwa na matope, inzi na watoto wenye makamasi, hiyo umeiandika kwa ajili ya mtu wa mbali. Watu wa pale watakuzila.

Linganisha. Hii ndiyo namna inayoandikwa na wengi:

> Nyali ni mtaa wa matajiri wenye majumba makubwa yaliyozungukwa na miti na maua. Mwanasha alipoingia alishangazwa na utajiri huo, akakumbuka umaskini wa kwao.

Anashangazwa vipi na mahali anapofika siku sita kwa wiki? Jaribu hivi:

> Nyumba ya Mama Faiza ilikuwa na madirisha ishirini na mawili. Mwanasha aliyajua kwa mkono: kila dirisha vioo saba, kila kioo pande mbili, na upepo wa bahari huyarudishia chumvi kabla Ijumaa haijafika. Leo yote yaling'aa. Alikuwa jikoni, leso imefungwa kiunoni, aliposikia honi mbili fupi, na geti likaanza kufunguka kabla ya ya tatu.

Maneno hamsini na kidogo, na ndani yake mna ukubwa wa nyumba, bahari, kazi, siku, ugeni unaofika, na geti la Maalim. Hesabu hiyo ya madirisha ifanye kweli kwenye mchoro wako wa nyumba, isije baadaye mtu akasimama kwenye dirisha lisilokuwepo.

Kwa pesa, usiandike bei. Bei huchakaa, na msomaji wa Tanga au wa Kisumu haijui. Andika uwiano: keki ya posa, ile ya ngazi tatu, ni sawa na miezi miwili ya kazi ya Mwanasha. Alijua kwa sababu yeye ndiye aliyepokea risiti kwa mleta keki. Risiti ikae mkononi mwake robo ya hadithi.

---

Maalim_Tudor alijibu:

Nimerudi kwa ajili ya mwisho, maana hapo hapajajibiwa.

Marehemu baba atoke. Hajatajwa kabla, na akitokea kwenye feri anageuza hasira kuwa huzuni. Huzuni ni rahisi kumeza. Ikiwa babake ana kazi katika hadithi, aingie ndani ya maneno 500 ya mwanzo, kwa kitu si kwa kumbukumbu: deni lake, baiskeli yake, chochote kinachohusiana na pesa inayongojwa.

Jua nalo litoke. Jua lizamalo baharini ni mwisho wa kila mtu, tena ukisimama kwenye kivuko cha Likoni bahari ya wazi iko mashariki. Jua linachwa upande wa bandari, nyuma ya kreni na mabohari. Ukilitaka kwa lazima, basi lizame huko, nyuma ya makontena.

Kisha chukua aliyoyasema Chumvi_ya_Makupa. "Enda tu mwanangu, nitakutumia." Sentensi hiyo ndiyo karamu yote kwa ufupi: adabu, haraka, na kungojeshwa. Tangu itamkwe, mandhari yako yamehamia ndani ya simu. Panga hivi:

Kwanza, mapema katika hadithi, simu ya Mwanasha ipungue chaji. Kwao hakuna umeme wa kudumu, huchajia kibandani kwa pesa ndogo. Nyali kuna soketi kila ukuta, lakini hakuna aliyemwambia achomeke, naye haombi. Usilifafanue hilo. Aone tu soketi anapochomeka pasi.

Pili, katika matatu ya kurudi, simu itoe mlio mmoja. Msomaji aruke. Kumbe ni ujumbe mwingine, matangazo, au mamake akiuliza kama anunue unga. Mlio mmoja tu. Ukiweka mitatu utakuwa unamchezea msomaji.

Tatu, kwenye feri simu ifikie asilimia mbili. Ana uamuzi wa kufanya sasa, na hicho ndicho kilichokosekana katika rasimu: mhusika wako hafanyi uamuzi wowote siku nzima. Aidha ampigie Mama Faiza kuikumbusha pesa, jambo ambalo adabu inamkataza usiku wa posa, ama aizime simu ibaki na chaji ya kusikia pesa ikiingia kesho. Kila njia ina gharama yake. Yeyote atakayoichagua, hadithi iishie kwenye kitendo cha kidole, si kwenye maelezo ya moyo wake.

Gari la Nyali liwemo kwenye feri hiyo hiyo? Wazo hilo linatamanisha sana. Wageni wa posa wanaotoka Diani wanarudi kwao, wanavuka, vioo vimepandishwa. Naona linafaa kwa sharti moja: wasimtambue, na yeye asitamani wamtambue. Awatambue kwa nguo alizozipiga pasi, au kwa sahani ya chakula iliyofungwa kwa karatasi ya fedha kiti cha nyuma. Ila kama umeshaweka kioo cheusi asubuhi, usikirudie jioni.

---

Mkaazi_wa_Kongowea alijibu:

Wageni wa Diani ni sawa, njia yao kweli ni ya feri. Ila magari yana foleni yake na watu wa miguu wana uwanja wao wa kungojea. Hawachanganyiki hadi mnapopanda. Kwa hiyo awaone sitahani, asiwaone kwenye foleni.

---

Kalamu_ya_Likoni:

Nimeelewa. Nakata aya tatu za mwanzo, karamu inakuwa ya Mei, mamake anapata nyumba bila ardhi na mpangaji mmoja mkorofi wa kodi. Bi Mlangoni, hilo la Faiza amwite nini bado linanisumbua.

---

Bi_Mlangoni alijibu:

Jaribu asimwite jina lolote. Awe anaanza tu na ombi: "Nipasie ile nyeupe." Uandike maneno yake yote kwenye karatasi ya pembeni, uyasome kwa sauti peke yake bila masimulizi. Ukisikia kwamba ungemjibu "haya" kila mara, umepata. Ukisikia unataka kumjibu jambo jingine, huyo bado ni rafiki yake, na hadithi yako ni nyingine. Pengine bora zaidi, ila ni nyingine, na haiingii katika maneno 3,000.

---

Chumvi_ya_Makupa alijibu:

Na angalia leso aliyojifunga. Imeandikwa jina, yaani msemo wake. Wanawake waliokuja kuposa watalisoma hata kabla hajaweka sinia chini, kwa hivyo chagua maneno ambayo mtu wa kazi angethubutu kuyavaa siku hiyo. Likiwa la kijembe, basi amelivaa kwa makusudi na itabidi hadithi ilijue hilo. Kama hutaki mzigo huo, mfunge leso kuukuu iliyopauka mpaka maandishi hayasomeki.